Amana ya Mchimbaji: Sheria ya Mali Iliyoachwa katika Nchi ya Dhahabu

Tarehe 5 Oktoba 2015, duara moja la dhahabu lilititia huko Nyangalata, wilaya ya Kahama, mkoani Shinyanga. Wachimbaji sita wakafunikwa chini ya ardhi. Mmoja wao alifia humo. Watano waliishi kwa mizizi na wadudu na kwa maji yaliyodondoka mwambani, hata wenzao wakazisikia sauti zao na kuwafukua katikati ya Novemba, baada ya siku 41. Huku juu, wengi walikuwa wamekwisha kata tamaa nao.

Kisa hicho hukumbukwa kwa ajabu ya uhai. Lakini kinazua swali jingine, ambalo ni dogo kwa umbo na zito kwa maana. Mchimbaji hashuki duarani na mali yake. Nguo zake, godoro, simu na sanduku hubaki kwa mama lishe, katika stoo ya muuza duka au kwa jirani wa kambini. Siku arubaini zikapita bila ya habari. Je, sanduku lile ni la nani?

Katika nchi ile swali hili halikuanza na dhahabu. Novemba 1857, wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walifika Kazeh, karibu na Tabora ya leo, wakapokewa na Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Kiarabu aliyewasimamia katika shughuli zao. Mwaka uliofuata Speke akashika njia ya kaskazini, akapita katika nchi ambayo sasa ni Shinyanga mpaka akaliona ziwa. Misafara ya zama zile isingaliweza kwenda bila ya watu wa namna ya Snay. Vitambaa, shanga na pembe vilibaki nyuma, na mwenyewe alirudi baada ya miezi, pengine baada ya miaka, na pengine hakurudi kabisa. Biashara nzima baina ya mwambao na bara ilisimama juu ya neno moja: amana.

Wapenzi wa lugha hawahitaji kukumbushwa kwamba amana, imani, amini na amani ni matawi ya shina moja la Kiarabu. Katika fikihi, aliyewekewa amana ni mwaminiwa. Kitu hakiwi chake kwa kukaa nacho, hata kikae kiasi gani. Kilichookotwa nacho kina mlango wake, uitwao lukata. Mwokotaji hutakiwa akijue chombo kilichomo na kamba iliyofungiwa, kisha atangaze mwaka mzima. Kwa kauli ya wanazuoni wengi, hata akikitumia baada ya mwaka, mwenyewe akitokea hulipwa. Mwaka huo unamruhusu mwokotaji kukitumia, lakini haki ya mwenyewe haufuti.

Kisha ikaja sheria nyingine, nayo pia kwa njia ya Bahari ya Hindi. Mwaka 1872 Waingereza waliitungia India Sheria ya Mikataba. Tanganyika ilipoingia mikononi mwao, amri ya mwaka 1920 ilizihamishia huko sheria kadhaa za India, hiyo ikiwa miongoni mwao. Mwaka 1961 Tanganyika ikapata Sheria ya Mikataba iliyo yake, lakini maneno mengi yalibaki yale yale, na ndiyo inayotumika Tanzania Bara hadi leo. Sheria ya mikataba ya Zanzibar nayo ina asili hiyo hiyo. Hivyo mgogoro wa sanduku huko Kahama huamuliwa kwa vifungu vilivyoandikwa kwa ajili ya maghala ya Calcutta na Bombay.

Sheria hiyo hutofautisha watu wawili. Wa kwanza ni aliyekabidhiwa. Huyu anapaswa kukitunza kitu kama mtu mwenye busara ya kawaida anavyotunza chake, na kukirejesha muda au shughuli iliyokusudiwa ikiisha. Akiwa ametumia gharama za lazima kukihifadhi, mwenye mali atamrudishia. Wa pili ni aliyeokota. Huyu akikichukua kitu, hubeba wajibu ule ule wa utunzaji. Lakini amepewa ruhusa ya kukiuza, ikiwa kitu chenyewe ni cha kuuzika, mwenyewe hapatikani kwa juhudi ya kutosha au amekataa kulipa gharama halali, na tena kitu kinakaribia kuharibika au gharama hizo zimefikia theluthi mbili ya thamani yake.

Hapo ndipo wengi huteleza. Ruhusa ya theluthi mbili amepewa aliyeokota. Aliyekabidhiwa kwa mkono hakupewa. Sanduku lililoachwa kwa mama lishe halikupotea, wala mwenyewe hakulitupa. Alisema, "Nitarudi." Anayeliuza kwa sababu tu miezi imepita hauzi cha kuokota, anauza amana. Na Kanuni ya Adhabu humsamehe mwokotaji ikiwa tu hamjui mwenye kitu na ana sababu za haki za kuamini kwamba hawezi kupatikana. Jirani wa kambini anajua jina la mwenye sanduku, na mara nyingi anajua hata kijiji chake.

Hata hivyo, nchi ya dhahabu imeipa sheria hii mtihani ambao watunzi wake hawakuufikiria. Mgodi wa kikoloni wa Geita, ulioanza miaka ya 1930, ulifungwa mwaka 1966. Benki Kuu ilipoanza kununua dhahabu ya wachimbaji wadogo, mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu walimiminika kutoka kila upande. Ikisikika habari ya duara jipya, kambi nzima huhama kwa siku chache. Hiyo wenyewe huiita rashi. Mtu huondoka na sururu na tochi, akaacha vilivyobaki. Baada ya miezi mitatu, huyo amehama, amekufa au yuko njiani? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 humtaka mtu awe hajasikika kwa miaka 5 ndipo mahakama imchukulie kuwa amekufa. Mke husubiri miaka 5, na godoro la mume likauzwa kabla ya mvua za vuli. Na ikiwa amekufa kweli, sanduku ni mirathi: lina wajane, watoto na wazazi ndani yake, ingawa anayelitazama haoni ila nguo.

Mara nyingine anayeondoka hakuondoka kwa hiari. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, wilayani Kahama, kuipisha kampuni ya Kahama Mining, iliyokuwa ya Sutton Resources ya Kanada. Barrick iliinunua Sutton mwaka 1999, na mgodi mpya ukaanza uzalishaji mwaka 2001. Madai kwamba watu walifukiwa hai maduarani yalikanushwa na serikali, na ofisi ya malalamiko ya Benki ya Dunia iliyatupa mwaka 2002. Lakini malalamiko ya wanasheria wa LEAT hayakuwa ya vifo peke yake. Yalihusu pia mali iliyopotea na fidia isiyolipwa. Mtu aliyeamriwa kuondoka hawezi kuitwa mtelekezaji wa kitu alichoshindwa kukibeba. Kuacha kwa sheria ni nia. Pasipo nia, kuna kunyang'anywa tu.

Wachimbaji wenyewe wanaijua tofauti hiyo, maana wana neno lake. Mchanga unaobaki baada ya mawe kusagwa kwenye karasha na kuoshwa huitwa marudio. Zamani ulionekana takataka. Siku hizi mara nyingi mwenye karasha huubakisha kama sehemu ya malipo yake, kisha dhahabu iliyosalia hutolewa kwa sianidi. Kwa hiyo kilichoachwa kikawa na bei, na watu wakajifunza kuuliza mapema marudio ni ya nani.

Sanduku lastahiki swali hilo hilo. Huko Marekani, yaliko maghala ya kukodi vyumba vya mizigo, majimbo mengi yametunga sheria zinazomtaka mwenye ghala ampelekee mpangaji taarifa kabla ya kunadi vitu vyake. Kambi za Geita hazina maghala hayo, lakini zina daftari, simu na serikali ya kijiji. Wahenga walikwisha sema: mali bila daftari hupotea bila habari. Jina la mwenyewe, kijiji chake, namba ya ndugu mmoja, na orodha ya vilivyomo mbele ya shahidi: hayo hayahitaji Bunge.

Wale watano wa Nyangalata walipotolewa shimoni walikuwa wamekonda na hawana kitu mikononi. Kila walichokiacha juu, kwa haki, kilikuwa bado ni chao.