Arthur Blaxall

Arthur William Blaxall (1891–1970) alikuwa kasisi wa Kanisa Anglikana, mzaliwa wa Uingereza, na mmoja wa waasisi wa elimu ya Waafrika wasioona nchini Afrika Kusini. Jina lake huambatana zaidi na Ezenzeleni, taasisi ambayo yeye na mkewe Florence waliifungua mwaka 1939 huko Roodepoort, magharibi mwa Johannesburg.

Alifika Cape Town mwaka 1923 kuwahudumia viziwi. Nchi ilikuwa na shule ya viziwi na vipofu tangu 1881, katika mji wa Worcester, lakini ilikuwa ya watoto wa Kizungu. Mtoto Mwafrika au Chotara asiyeona hakuwa na pa kusomea. Mwaka 1927 ilianzishwa Shule ya Athlone katika eneo la Cape kwa ajili ya watoto hao, na Blaxall akawa mkuu wake wa kwanza. Baraza la Taifa la Vipofu likafuata mwaka 1929, likiongozwa na Robert Bowen, mwanasheria aliyepoteza macho katika Vita Kuu ya Kwanza.

Johannesburg, alikohamia katika miaka ya 1930, ilimkabilisha na tatizo jingine: watu wazima. Mji wa dhahabu ulimtaka Mwafrika kwa nguvu za mikono yake tu. Sheria za pasi, ambazo Mkenya wa enzi ya kipande angezitambua mara moja, zilimpa nafasi mjini maadamu ana mwajiri. Aliyepofuka alirudi kijijini kutunzwa na ndugu, au alikaa kando ya barabara na kopo la sadaka. Misaada ya kanisa ilikuwapo, lakini Blaxall aliona kwamba sadaka peke yake inamweka mtu palepale alipoketi. Ezenzeleni ilimpa mwanafunzi wake malazi, ikamfundisha kusoma kwa vidole maandishi ya nukta nundu, na kumtia katika karakana kujifunza kazi za mikono, kama vile kusuka vikapu, ili apate ujira wake mwenyewe. Hapo ndipo ulipo uzito wa kazi yake: alimhesabu asiyeona kuwa mfanyakazi, katika nchi ambayo hata Mwafrika mwenye macho haikumpa heshima hiyo. Blaxall alihusika pia katika kuanzishwa kwa Kutlwanong, shule ya watoto Waafrika viziwi, mapema katika miaka ya 1940.

Kwa kulinganisha, shule ya wasioona ya Thika, Kenya, ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, na ile ya Buigiri karibu na Dodoma, chini ya Waanglikana, mwaka 1950. Kusini na mashariki mwa Afrika makanisa yalitangulia, na serikali zikaja nyuma.

Mwaka 1951 Helen Keller, Mmarekani maarufu asiyeona wala kusikia, alizuru Afrika Kusini kwa mwaliko ambao Blaxall alikuwa na mkono mkubwa ndani yake. Keller alifika Ezenzeleni, na Chuo Kikuu cha Witwatersrand kikamtunuku shahada ya heshima. Blaxall aliandika kitabu kuhusu ziara hiyo.

Blaxall hakutenganisha upofu na siasa, na alikuwa na haki: mfumo uliomnyima Mwafrika shule ndio huo huo uliomnyima kura. Aliwahi kuwa katibu wa Baraza la Kikristo la Afrika Kusini. Vyama vya ukombozi vya ANC na PAC vilipopigwa marufuku mwaka 1960, alisaidia kufikisha fedha kwa watu waliokuwa wakiandamwa na dola. Mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka 72, alikamatwa, akashtakiwa kwa Sheria ya Kukomesha Ukomunisti, na kuhukumiwa kifungo. Sehemu kubwa ya adhabu ilisitishwa, naye akaachiliwa upesi. Mwaka uliofuata alirudi Uingereza, na kumbukumbu zake za maisha zikachapishwa mwaka 1965. Alifariki dunia mwaka 1970, utawala wa ubaguzi wa rangi ukiwa bado madarakani.