Lehemu ikishuka ghafla: Dalili za kutazamwa kwa mtoto aliyeugua corona

LEHEMU, yaani kolesteroli, ni mafuta ambayo mwili huyatumia kujenga seli na homoni. Wengi huihofia ikizidi. Kwa mtoto mgonjwa, hata kushuka kwake kuna maana.

Aprili 2020, madaktari nchini Uingereza walitahadharisha kuhusu watoto waliopata uvimbe wa viungo vya ndani majuma machache baada ya kuambukizwa virusi vya corona. Mei mwaka huo, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo wa kuutambua ugonjwa huo. Ni nadra, lakini waweza kudhuru moyo. Damu ya watoto hao imeonyesha lehemu ikipungua, hasa ile inayoitwa nzuri, nayo mafuta aina ya trigliseridi yakipanda.

Hata hivyo, kipimo cha chini pekee si ugonjwa. Utafiti wa George Mann na wenzake, uliochapishwa 1964, uliwapata Wamaasai wa Tanganyika wakiwa na lehemu ya chini ingawa chakula chao kilikuwa maziwa na nyama.

Kwa hivyo mzazi wa Kimana, Kaunti ya Kajiado, asingoje kipimo cha lehemu wala asimnyime mtoto maziwa. Homa ikidumu siku tatu, pamoja na macho mekundu, upele, kutapika au maumivu ya tumbo, ampeleke hospitalini upesi, hata kama malaria haikuonekana. Amweleze daktari maradhi yote ambayo mtoto aliugua majuma yaliyotangulia.