Vifusi vya matofali na zege vyaweza kurudi ukutani kama mota

KILA jengo kuukuu linapobomolewa, malori husomba vifusi na kwenda kuvimwaga mabondeni, huku mwenye kiwanja akinunua mchanga mpya kwa ajili ya kuta mpya. Hata hivyo, matofali ya kuchoma na zege lililovunjwa vyaweza kusagwa na kutumika tena katika mota, iwapo vitachambuliwa ipasavyo.

Utaalamu huo si mgeni. Warumi wa kale walichanganya chokaa na vigae vilivyosagwa ili kupata lipu ya kuzuia maji katika mabirika na mifereji yao. Kuta za Hagia Sophia mjini Istanbul, zilizojengwa kati ya mwaka 532 na 537, ziliunganishwa kwa mota yenye matofali yaliyosagwa. Nchini India, unga huo huitwa surkhi.

Udongo wa mfinyanzi unapochomwa kwa joto la wastani, hupata uwezo wa kuungana na chokaa penye maji. Chokaa ya kawaida hukomaa polepole kwa kufyonza kaboni dayoksaidi hewani, lakini ikitiwa unga wa matofali hukomaa hata mahali penye unyevunyevu. Matofali yaliyoungua hadi kung'aa kama kioo hayana nguvu hiyo. Hufaa kuwa mchanga tu.

Matofali husafishwa, hupondwa na kuchekechwa. Kipimo cha kawaida ni ndoo moja ya chokaa kwa ndoo tatu za mchanga, sehemu ya mchanga huo ikiwa ni matofali yaliyosagwa. Kwa kuwa chembe zake hufyonza maji mengi, hulowanishwa kwanza, na ukuta hunyunyiziwa maji kwa siku kadhaa usije ukapasuka.

Zege lililosagwa nalo huchukua nafasi ya sehemu ya mchanga katika mota ya saruji. Saruji iliyokwisha kuganda haiwezi kutegemewa kushika tena. Hivyo saruji mpya haina budi kuwekwa. Mabaki ya jasi lazima yaondolewe, kwani hukutana na saruji, yakavimba na kupasua ukuta.

Chokaa ina faida nyingine. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, nyumba nyingi zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Saruji ngumu ikipakwa juu ya kuta hizo hufungia unyevu ndani, na mawe huanza kumomonyoka. Mota ya chokaa huupitisha unyevu huo, tena hubanduka bila kulivunja jiwe, nalo likajengewa upya.

Vumbi la matofali na zege hudhuru mapafu, hivyo vifusi hulowanishwa na msagaji huvaa barakoa. Mapaa ya asbesto hayasagwi kamwe: nyuzi zake husababisha saratani, na huweza kujitokeza miaka mingi baada ya nyumba kukamilika.