E-Sir: albamu moja, miaka 21

Wasee, unajua E-Sir alikuwa na miaka 21 pekee ajali ya barabarani ilipomchukua Machi 2003? Issah Mmari, kijana wa South C, albamu moja tu: Nimefika. Enzi hizo marapa kibao Nairobi walikuwa wanaiga Wamarekani mpaka lafudhi. Kalamashaka walikuwa wameshafungua njia na Kiswahili cha mtaa. E-Sir akakifanya kiingie pati. Boomba Train, aliyofanya na Nameless, ikicheza leo, hata waliozaliwa baada ya yeye kufa wanaimba nayo. Sasa wewe unayesema Kiswahili ni cha mtihani tu, hebu mskize tena. Halafu uniambie kama bado unaona aibu kuandika ngoma kwa lugha yako.