DANG'A: MAZIWA YALIYOMWAGWA KWA KARNE NYINGI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Juzi baada ya swala ya Alasiri kijana mmoja alinisubiri mlangoni mwa msikiti. Mkewe alikuwa amejifungua usiku wake, mtoto wa kiume, alhamdulillah. Akaniambia: "Sheikh, mama mkwe anayakamua maziwa ya mke wangu na kuyamwaga. Anasema ni machafu, mtoto apewe maji ya sukari mpaka yatoke meupe. Mke wangu analia. Kwani kisheria maziwa yale ni najisi?"

Nilimjibu kwa ufupi: si najisi, rudi nyumbani, mtoto apewe titi sasa hivi. Jibu refu naliandika hapa, kwa sababu swali hili lina historia, na katika historia hiyo sisi wenye vilemba tumo pia. Someni mpaka mwisho.

DANG'A NI NINI?

Ni yale maziwa ya kwanza, mazito, ya rangi ya njano. Waarabu wanayaita libaa. Mwili huanza kuyatengeneza mama akiwa bado mjamzito, tangu katikati ya mimba. Hayamiminiki kwa wingi kwa sababu kondo la nyuma linatoa homoni inayozuia. Mtoto akizaliwa na kondo likatoka, kizuizi kile kinaondoka, na baada ya siku mbili, tatu au nne maziwa meupe yanajaa. Katika hizo siku za kati mama ana dang'a tu, kidogo kidogo, vijiko vichache. Na tumbo la mtoto mchanga nalo ni dogo. Subhanallah, chombo na kipimo vinalingana.

Sasa kwa nini watu waliyamwaga?

MATABIBU WA KALE

Usimlaumu bibi yako peke yake. Jambo hili liliandikwa vitabuni na watu wakubwa. Karne ya 2 Miladia alikuwapo tabibu Mgiriki aitwaye Soranus, mzaliwa wa Efeso, aliyefanya kazi Roma. Kitabu chake juu ya maradhi ya wanawake na uzazi kilitegemewa kwa mamia ya miaka. Yeye aliona maziwa ya mzazi hayafai mpaka zipite kama siku ishirini, na mtoto aanzishwe kwa asali.

Hakusema hivyo kwa chuki. Watu wa zama zile waliamini kuwa maziwa ni damu iliyopikwa mwilini. Damu ya hedhi ambayo haikutoka wakati wa mimba hupanda kifuani na kugeuka maziwa. Ukiamini hivyo, ukaona maziwa mazito ya njano kwa mwanamke aliyetoka kuzaa na bado anatokwa na damu, utasema hayajaiva. Msingi ulikuwa na kosa, na nyumba ikajengwa juu yake.

Tabibu wetu Ibn Sina, aliyefariki mwaka 428 Hijria (1037 Miladia), alisifu sana maziwa ya mama katika kitabu chake cha Qanun. Hata hivyo alishauri mwanzoni mtoto anyonyeshwe na mwanamke mwingine mpaka hali ya mama yake itulie. Zaidi ya miaka mia tatu baadaye Imam Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria, aliandika kitabu chake mashuhuri juu ya hukumu za mtoto mchanga, Tuhfatul Mawdud. Humo naye akasema ni bora mtoto anyonyeshwe na asiyekuwa mama yake siku mbili au tatu za mwanzo, kwa uzito wa maziwa yale.

Ndugu zangu, tusiogope kusema ukweli huu. Imam ni imam, Allah amrehemu. Lakini hapo hakunukuu aya wala hadithi. Alinukuu tiba ya zama zake, na tiba ya zama hukosea na kusahihishwa. Wahyi ni kitu kingine.

MSTARI MMOJA KATIKA MINHAJ

Sasa njooni kwa mafaqihi. Imam an-Nawawi wa Sham, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), aliandika Minhaj, kitabu ambacho sisi Mashafii wa pwani hii tumekisoma kizazi baada ya kizazi. Katika mlango wa matunzo ya jamaa ameweka hukumu fupi: ni wajibu juu ya mama kumnyonyesha mwanawe libaa. Wajibu, si sunna! Baada ya libaa, kama yupo mwanamke mwingine wa kunyonyesha, mama halazimishwi. Wafafanuzi wakaeleza sababu: kwa kawaida mtoto haishi, au hapati nguvu, bila ya maziwa hayo. Tena wakasema wajibu huo haumnyimi mama haki ya kudai ujira wake. Waume, mmesikia?

Tazameni ajabu hii. Matabibu wanasema yaachwe, mafaqihi wanasema ni wajibu. Faqihi hakuwa na darubini. Ila alijua kuwa roho ya mtoto ni amana, na aliwasikiliza watu waliowaona watoto wakiishi na wakifa.

Hapa nina neno langu binafsi. Mimi mstari huo niliusoma mbele ya sheikh wangu nikiwa kijana. Neno libaa nililitafsiri "maziwa ya kwanza" na nikageuza ukurasa. Miaka michache baadaye mtoto wangu wa kwanza alizaliwa nyumbani. Bibi yetu mmoja, mwenye mapenzi tele, alikamua dang'a katika kifuu akaenda kuimwaga chini ya mgomba. Mtoto akapewa maji ya sukari siku tatu. Nilikuwa nimekaa barazani, kitabu kimo kabatini, na sikusema kitu. Siku ya tisa tulimzika. Sisemi kuwa hilo ndilo lililomuua, ajali iko mikononi mwa Allah. Ninasema kwamba nilikuwa na elimu na nikanyamaza. Ndiyo maana leo sinyamazi.

SAYANSI ILIVYOFIKA

Mwaka 1748 daktari William Cadogan wa Uingereza aliandika waraka kwa wasimamizi wa nyumba ya kulea watoto waliotupwa mjini London. Aliwaambia kuwa maziwa ya kwanza ya mama ndiyo yanayosafisha tumbo la mtoto, yanatoa kile kinyesi cheusi cha mwanzo, hakuna haja ya kumpa madawa ya kuharisha. Kile kilichoitwa uchafu kikaonekana ndicho kinachoondoa uchafu.

Mwaka 1892 mwanasayansi wa Ujerumani, Paul Ehrlich, alifanya jaribio la panya. Aliwachukua watoto wa panya ambao mama yao hana kinga, akawanyonyesha kwa panya mwingine aliyekwisha kuzoeshwa sumu fulani za mimea. Watoto wale wakapata kinga kwa njia ya maziwa. Kisha mwaka 1961 daktari Lars Hanson wa Sweden alionyesha kuwa katika maziwa ya binadamu kuna kinga ya aina yake, ambayo hufunika utumbo wa mtoto ili vijidudu visipenye. Kinga hiyo imejaa zaidi katika dang'a. Na ile rangi ya njano iliyowatisha watu, sehemu yake inatokana na vitu ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A.

Mama naye ana fungu lake. Mtoto akinyonya, mwili wa mama hutoa homoni inayobana mfuko wa uzazi, na hilo husaidia kupunguza kutokwa na damu. Kwa hiyo anayemzuia mtoto titi amewazuia wawili.

Leo Shirika la Afya Duniani linasema mtoto awekwe titini ndani ya saa moja tangu kuzaliwa, apewe maziwa ya mama peke yake miezi sita bila hata maji, kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula mpaka miaka miwili au zaidi. Na Suratul Baqara, aya ya 233, ilikwisha kutaja miaka miwili kamili.

NA TAHNIKI JE?

Wapo wanaosema: "Mbona Mtume (SAW) aliwapa watoto tende?" Ndiyo. Bibi Asmaa bint Abi Bakr (RA) alimpeleka mwanawe Abdullah bin Zubayr, na Mtume (SAW) akatafuna tende akampaka ndani ya kinywa, akamwombea baraka. Ni kupaka kidogo na dua. Haikuwa badala ya maziwa wala ruhusa ya kumnyima mtoto titi siku tatu. Anayetaka sunna hii afanye kwa usafi, kiasi kidogo kabisa, kisha mtoto arudi kifuani. Asali msimpe mtoto kabla ya kutimiza mwaka, madaktari wameikataza kwa sababu inaweza kubeba kijidudu chenye sumu kali kwa mtoto mchanga. Na mama mwenye maradhi au anayetumia dawa afuate maelekezo ya kliniki.

Mwisho, mkumbukeni mama wa Nabii Musa (AS) katika Suratul Qasas. Askari wa Firauni wanachinja watoto, hatari iko mlangoni, na amri ya kwanza aliyofunuliwa ni amnyonyeshe. Mto ulikuja baadaye. Titi kwanza.

Yule kijana alinipigia simu usiku. Mama mkwe alikataa, kisha akauliza, "Sheikh mwenyewe kasema?" Akaambiwa ndiyo, na imo ndani ya Minhaj. Akamchukua mjukuu na kumweka kifuani mwa mama yake kwa mikono yake mwenyewe. Allah amlipe kheri, hakuwa na nia mbaya, hakuna aliyemwambia tu.

Basi tuwaambie. Mfikishieni mama, dada, mkwe na mkunga. Allah awahifadhi wazazi wetu na watoto wetu, na awafanye waliotutangulia wadogo kuwa waombezi wetu Siku ya Kiyama. Amin.

Wabillahi tawfiq.