Usafiri wa umeme wa kushirikiana ulianzia kwenye taa ya dagaa

Usiku usio na mbalamwezi, panda Capri Point hapa Mwanza uangalie ziwani. Utaona taa zimetapakaa majini mpaka udhani kuna mji mwingine kule. Hao ni wavuvi wa dagaa. Dagaa hufuata mwanga, hukusanyika chini yake, kisha wavu unawazoa.

Sasa, ukitaka kuelewa namna watu wa vijijini kando ya ziwa letu walivyoanza kushirikiana vyombo vya umeme, usianzie kwenye gari. Anzia kwenye taa hizo.

Kwa miaka mingi taa ya mvuvi ilikuwa karabai. Inakunywa mafuta ya taa usiku kucha, na bei ya mafuta inakula mapato ya mtumbwi. Mwaka 2008, upande wa Kenya, kampuni ya taa ya Ujerumani iitwayo OSRAM ilifungua kituo cha sola Mbita. Utaratibu wake haukuwa na mambo mengi: mvuvi hanunui taa. Anaweka amana, anachukua taa iliyochajiwa, anavua, anairudisha na kulipia chaji. Betri ikichoka, huo ni mzigo wa kituo, si wake.

Hapo ndipo penye siri. Katika chombo cha umeme, betri ni kati ya vitu vya gharama kubwa kabisa, na inazeeka kadiri unavyoichaji. Mtu wa kijijini anaweza kujikusanya akapata pikipiki, lakini betri ya pili ikamshinda. Basi mwachie chombo, betri iwe ya wote.

Usidhani wazo hili ni la jana. Huko Hartford, Marekani, miaka ya 1910, kampuni ya umeme ya mji iliwapa wenye malori nafasi ya kununua lori la umeme bila betri. Betri zilibaki mali ya kampuni. Chaji ikiisha unabadilishiwa, na unalipia kwa maili ulizotembea. Huduma hiyo ilidumu mpaka 1924, wakati magari ya petroli yalikuwa yameshashika barabara.

Wengine walijaribu kushirikiana gari zima. Mwaka 1974, Amsterdam, Uholanzi, ilianza Witkar: kigari cheupe cha umeme ambacho mwanachama anakichukua kituo kimoja na kukiacha kingine. Lakini vituo vilibaki vichache sana, na 1986 mradi ukafa. Kama hilo lilishindikana mjini, kwenye watu wengi na barabara nzuri, kijijini je?

Jibu moja lilitoka Wedza, Zimbabwe. Mwaka 2019 Mobility for Africa ilianza kuwakodishia wanawake wakulima maguta ya umeme yaitwayo Hamba, yenye betri za kubadilishwa zinazochajiwa kwa sola. Maguta yalikwenda kwa vikundi vya watu wanaojuana na kupangiana zamu: leo zamu yako kupeleka mboga sokoni, kesho yangu kuchota maji. Mwaka huohuo, taasisi ya Siemens Stiftung iliunda WeTu nchini Kenya. Sola inayochaji taa za wavuvi ng'ambo ya ziwa sasa inachaji na betri za pikipiki za umeme. Umeiona njia? Kutoka taa mpaka pikipiki, kwa utaratibu uleule.

Turudi upande wetu. Kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe, kilianza kupata umeme wa sola wa kampuni ya JUMEME katika kijiji cha Bwisya mwaka 2016. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere, kikitokea Bugorora, kilipinduka karibu na gati la Bwisya hiyohiyo. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa walizidi 220. Umeme ulikuwa umefika kisiwani, lakini usafiri ulikuwa bado wa kubanana. Chombo cha pamoja kikiwa kimoja tu, watu watajazana, kwa sababu hawana kingine cha kusubiri.

Kisha ikaja 2020. Serikali iliagiza mitambo midogo ya vijijini iuze umeme kwa shilingi 100 kwa uniti, sawa na TANESCO. Kwa mwanakijiji hiyo ni haki tupu: kwa nini mtu wa kisiwani alipe zaidi ya mtu wa Nyamagana? Lakini mtambo wa sola nao unategemea betri ili taa ziwake usiku, na betri hizo zitazeeka. Kwa bei hiyo, fedha ya betri mpya itoke wapi?

Sina ugomvi na bei ya chini. Ninachosema ni kwamba pengo linabaki palepale, na lazima mtu alizibe: serikali, ushirika au mwekezaji. Hartford, Mbita na Wedza waliamua kwanza betri ni ya nani, ndipo wakaanza kukodisha.

Kwa hiyo siku akija mtu kwenye mwalo wenu na pikipiki za umeme za kushirikiana, usimuulize kwanza zinakimbia kiasi gani. Muulize: betri ya pili nani atainunua? Akikosa jibu, mvuvi wa dagaa mwenye taa ya kukodi anaweza kumfundisha.