Majirani wa Ndiva

Mwaka 1891 Oscar Baumann alichapisha kitabu chake kuhusu Usambara "na maeneo jirani." Upare umo humo, kwenye hayo maeneo jirani. Nilicheka nilipoliona jina hilo, halafu nikakereka kidogo.

Basi nikaenda Bangalala, wilayani Same, kutafuta historia ya kitongoji kimoja kwa jina lake chenyewe, si kwa jina la jirani. Nikamwuliza mzee mmoja mpaka uko wapi. Akanipeleka kwenye ndiva ya Manoo. "Mwanangu, anzia hapa."

Ndiva ni bwawa la kuhifadhia maji ya kumwagilia. Maji ya mto huelekezwa humo usiku, asubuhi tundu linazibuliwa, yanashuka kwa mifereji hadi mashambani, kwa zamu. Zamani ndiva nyingi zilikuwa za koo. Siku hizi kuna kamati. Ukilala siku ya zamu yako, shauri yako na mahindi yako.

Lakini maji hayo hayazaliwi Bangalala. Yanatoka milimani, upande wa Vudee, na yakibaki yanateremka Makanya, kule tambarare kwenye reli na barabara kuu. Kwa hiyo Bangalala haiwezi kulima bila kuongea na wa juu, na kuoleana kumesaidia sana. Kumfungia shemeji maji si jambo jepesi.

Uchifu ulifutwa 1963, miaka ya 1970 ikaja na vijiji vya Ujamaa, mipaka ikachorwa upya. Mifereji iliendelea kupita palepale. Chuoni nilisoma historia ya kisiasa ya Wapare ya Isaria Kimambo, ya 1969, na nilitoka na majina ya watawala tu. Uzembe wangu, maana nani anapata maji lini nayo ni siasa, tena ile inayoliwa.

Anayeumia ni Makanya. Mashamba ya juu yameongezeka, na kiangazi mto unafika kule ukiwa mchanga mtupu. Wakulima wamebaki kuyadaka mafuriko yanayoporomoka mvua ikinyesha milimani, wayageuzie mashambani kabla hayajapita.

Jioni nilikuwa Makanya nasubiri basi. Mama mmoja aliyeniona nikishuka kwenye bodaboda akaniuliza, "Huko juu mmeacha wingu?"

Nikamwambia lipo, tena zito. Hakuniaga. Aligeuka akawaita wanawe walete majembe.